Alama ya pipa lililokatwa mgongoni mwa friji: mtengenezaji anawajibika mpaka wapi?

FundiBaridi, Temeke

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni fundi friji, kijiwe changu kipo Temeke. Friji nyingi ninazopindua ni za mtumba kutoka Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, na karibu zote zina kibandiko chenye picha ya pipa la taka la magurudumu lililopigwa mistari miwili ya kukatisha, na chini yake mstari mmoja mnene mweusi. Mteja akiuliza huwa namjibu maana yake usitupe ovyo. Nataka kujua zaidi ya hapo.

Kilichonisukuma ni hiki. Jamaa ninayeshirikiana naye kuleta mzigo alinunua kontena la friji na mashine za kufulia, likazuiwa bandarini kulekule Ulaya kabla ya kupakiwa melini. Walimtaka aonyeshe karatasi ya kila kifaa kwamba kimepimwa na kinafanya kazi. Hakuwa nazo. Akaambiwa basi mzigo wake si bidhaa, ni taka, na taka za umeme haziruhusiwi kuja huku kwetu. Gharama zote zikamwangukia yeye, na mimi niliyekuwa nimeshapokea fedha za wateja ikabidi nizirudishe.

Naomba mwenye uelewa anisaidie. Nasikia kule kiwanda kinachotengeneza friji kinalipia gharama za kuichakata siku itakapokufa, na kwamba ni sheria. Kama ni kweli, fedha ya friji iliyolala hapa mbele yangu iko wapi? Maana ikishakufa moja kwa moja, anayebaki nayo ni mimi. Vijana wa vyuma chakavu wanachukua kompresa na bati, shaba wanaigombania, halafu povu la ukutani na plastiki vinaachwa vichomwe moto au visombwe na mvua mtaroni. Sijawahi kuona mtu wa kampuni yoyote amekuja kuulizia friji yake.

Mzigo_Unguja

Pole fundi. Nashughulika na mitumba ya Ulaya, na ushauri wangu ni mmoja: mwambie jamaa yako asinunue kwa wanaookota friji barabarani na mabarazani. Atafute muuzaji mwenye karakana, anayewasha kila friji, akaiacha ishike ubaridi, akampa maandishi. Bei itapanda, lakini mzigo utafika.

Mwanapwani_Nürnberg

Kaka fundi, salamu kutoka Nürnberg. Swali lako la fedha limenigusa sana, kwa sababu huku kwenye fani hii karibu hakuna anayeliuliza. Naandaa taarifa za kisheria za kampuni ndogo inayotengeneza majiko ya umeme na vifaa vya jikoni. Na mji huu ndimo ilimo taasisi inayosajili watengenezaji wote wa vifaa vya umeme Ujerumani, inaitwa stiftung ear. Nieleze kwanza kazi inavyokwenda mezani, halafu nifike kwenye fedha yako.

Alama ya pipa inatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu taka za vifaa vya umeme, maarufu kama WEEE, iliyoandikwa upya mwaka 2012. Mnunuzi anaambiwa asikitupe kifaa kwenye pipa la nyumbani, akipeleke kwenye kituo maalumu, na pale hatozwi. Ule mstari mnene unaonyesha kwamba kifaa kiliingia sokoni baada ya tarehe 13 Agosti 2005. Kuanzia hapo kampuni inabeba gharama za vifaa vyake vipya, na vile vya zamani zaidi vinabebwa kwa pamoja na kampuni zilizopo sokoni.

Kampuni haiwezi kuuza hata birika moja kabla ya kusajiliwa. Ikisajiliwa inapewa namba inayoanza na herufi DE ikifuatiwa na tarakimu nane, na namba hiyo lazima ionekane kwenye ankara. Ukiuza bila namba, faini inaweza kufika euro 100,000. Tangu mwaka 2023 hata masoko ya mtandaoni yanalazimika kumkatalia muuzaji asiye na namba, kwa sababu wengi walikuwa wanaingiza vifaa kutoka nje bila kuchangia chochote. Na kwa vifaa vya nyumbani kampuni inaweka dhamana ya fedha ambayo wadai hawaigusi hata kampuni ikifilisika, ili vifaa vyake visije kuwa yatima.

Wahandisi nao wana sheria yao, RoHS, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2006. Inabana risasi, zebaki, kadmiamu, kromi ya aina moja yenye sumu, na makundi mawili ya kemikali za kuzuia moto. Mwaka 2019 ziliongezwa kemikali nne za kulainishia plastiki. Kiwango cha juu ni asilimia 0.1 ya uzito, kwa kadmiamu asilimia 0.01. Na hawapimi kwa uzito wa jiko zima, ambapo kila kitu kingeonekana kidogo. Wanapima kila kitu kivyake: ganda la waya peke yake, lehemu ya kuungia saketi peke yake, rangi peke yake. Msambazaji wa swichi akibadilisha plastiki kimyakimya, sisi ndio tunaoshikwa, kwa hiyo kila sehemu ina faili lake la ahadi na vipimo. Hii ndiyo inayokula muda wa wenzangu kuliko kazi nyingine yoyote.

Mimi kazi yangu ni kilo. Kila mwezi natoa taarifa ya uzito wa vifaa tulivyoingiza sokoni, kwa makundi. Uzito huo ndio unaoamua mzigo wetu, na sasa nifafanue jinsi unavyoamua, kwa sababu jibu lako limekaa hapa.

Mwananchi anapeleka friji yake kuukuu kwenye uwanja wa halmashauri. Pale kuna makontena kwa makundi: vifaa vya ubaridi kivyao, skrini kivyake, taa, vifaa vikubwa kama majiko na mashine za kufulia, vidogo, na paneli za sola. Uwanja unaendeshwa kwa fedha za halmashauri. Kundi la friji likifika walau mita za ujazo 30, uwanja unaiarifu stiftung ear. Hesabu ya kompyuta inatazama nani ameingiza kilo ngapi sokoni na nani ameshabeba kiasi gani, inachagua kampuni moja, na kampuni hiyo inapata amri: nenda mji fulani, uwanja fulani, ondoa kontena, weka tupu. Kampuni yetu imewahi kuamriwa kuchukua vifaa vikubwa kwenye mji ambao sidhani kama tuna mteja hata mmoja. Ndani ya kontena mlikuwa na chapa za kila namna. Haijalishi, ukishaagizwa unalipa lori, unalipa mtambo wa kuchakata, na unarudisha taarifa ya kilichopatikana.

Mtambo wa friji nimeutembelea, na wewe fundi ungeufurahia. Kwanza friji inalazwa, kompresa inatobolewa kwa kifaa kinachofyonza gesi na oili kwa pamoja, kisha oili inapashwa moto ili iachie gesi iliyobaki ndani yake. Rafu za vioo na nyaya vinatolewa kwa mikono. Friza za zamani zinakaguliwa kama zina swichi ya zebaki kwenye taa ya mfuniko. Baada ya hapo friji nzima inatupwa kwenye chumba kilichozibwa, chenye minyororo inayoisaga, na hewa ya humo imebadilishwa kwa nitrojeni ili isilipuke. Kusaga ndani ya chumba kilichozibwa kuna sababu yake, nayo ni lile povu la ukutani. Friji za zamani zilikuwa na gesi ya R11 ndani ya povu, na kiasi kilichokuwa humo kilizidi kile cha R12 kilichokuwa kwenye mabomba. Kilo moja ya R11 inapasha dunia joto sawa na kilo 4,750 za hewa ya ukaa. Ya R12 ni zaidi ya kilo 10,000. Kijana anayepasua povu kwa panga pembeni ya kijiwe chako hawezi kuiona wala kuinusa.

Chuma kinavutwa kwa sumaku, alumini na shaba zinarushwa upande kwa mtambo wa sumaku inayozunguka, plastiki inabaki. Sheria inataka asilimia 85 ya uzito wa friji zilizochakatwa iokolewe, na angalau asilimia 80 iandaliwe kutumika tena au irejelezwe.

Sasa fedha yako. Friji iliyolala mbele yako haina fungu lililotengwa kwa jina lake. Ujerumani kampuni inalipia taka zinazofika kwenye viwanja sasa, kwa ukubwa wa mauzo yake ya sasa. Friji ikipita bandarini kama mtumba, haitafika uwanjani kamwe. Gharama yake inafutika kwenye hesabu za watengenezaji wa huku na inazaliwa upya Temeke, ikiwa haina wa kuilipa. Ufaransa mchango wa kuchakata unaandikwa kabisa kwenye risiti ya friji mpya, kwa hiyo mteja wa kwanza alishalipa dukani. Friji ikija kwako, mchango hauji nayo.

Hili naliona kwenye jedwali langu kila mwezi. Kuna safu ya kilo zilizouzwa, ya kilo zilizokusanywa, ya kilo zilizorejelezwa. Safu ya kilo zilizokwenda Dar es Salaam haipo, na hakuna kifungu kinachonitaka niijaze. Kampuni inaweza kutii sheria yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na friji yake ikaishia kuchomwa mtaroni kwenu. Mimi naamini hilo ni pengo la makusudi ya kibajeti, na lazibika: anayeisafirisha friji nje ya Ulaya alipe sehemu ya ile gharama, na fedha hiyo imfikie atakayeichakata mwishowe.

Msomaji_Kagera

Dada umetuelimisha. Lakini swali la uchokozi wa heri: huko kwenyewe wanafuata kweli? Isijekuwa tunasimuliwa karatasi nzuri, na makontena yanaendelea kutoka usiku.

Mwanapwani_Nürnberg

Swali la haki, kaka. Tangu mwaka 2019 kila nchi mwanachama inatakiwa ikusanye asilimia 65 ya uzito wa wastani wa vifaa vilivyouzwa katika miaka mitatu iliyotangulia. Nchi nyingi hazijafika, na Ujerumani yenye viwanja vyake vyote imo kati ya zilizo nyuma sana. Kwa dunia nzima, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 inasema taka za umeme za mwaka 2022 zilikuwa tani milioni 62, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizoandikwa kwamba zimekusanywa na kurejelezwa inavyopasa.

Vifaa vinavuja kwa njia nyingi. Friji ikiwekwa barazani isubiri gari la halmashauri, usiku inapita pikapu inang'oa kompresa kwa ajili ya shaba na kuliacha ganda, na gesi imeshaondoka. Vidogo vinafichwa kwenye madroo au kutupwa na taka za kawaida. Ndiyo maana tangu Julai 2022 hata maduka makubwa ya vyakula yenye ukubwa wa kuanzia mita za mraba 800 yanayouza vifaa vya umeme lazima yapokee vibovu.

Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba kampuni zinatii vizuri zaidi pale ambapo kutotii kunamzuia mtu kuuza. Namba ya usajili inaheshimiwa kwa sababu bila hiyo bidhaa haiingii dukani. Lengo la asilimia 65 ni la nchi, halimzuii mtengenezaji yeyote kuuza kesho, na matokeo yake mnayaona. Wanaotunga kanuni nyumbani wangelitazama hili kwa makini sana.

Kilindini_Msa

Habari zenu. Niongeze ya upande wa Kenya, maana fundi anaweza kudhani mambo haya ni ya Wazungu pekee.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na mwaka 2024 zikachapishwa kanuni za kumbebesha mtengenezaji jukumu la bidhaa yake hadi mwisho wa maisha yake. Wengi hapa Mombasa walidhani haiwahusu kwa sababu hawana kiwanda. Inawahusu. Kwa sheria yetu, anayeingiza bidhaa nchini anahesabiwa sawa na aliyeitengeneza. Ukileta kontena la friji Kilindini, wewe ndiwe unayepaswa kujisajili NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na ama uandae mpango wako wa kukusanya zikifa, ama ujiunge na shirika la pamoja la watengenezaji na waagizaji mchangie.

Msichanganye jambo hili na ile ada ya mazingira iliyokuwamo kwenye Mswada wa Fedha wa 2024. Mswada ule uliondolewa Juni mwaka huohuo baada ya maandamano. Kanuni za kumwajibisha mtengenezaji ni jambo jingine na zipo.

Mimi naziunga mkono, lakini kuna uchungu ndani yake. Mwagizaji wa mtumba anabeba mwisho wa friji ambayo miaka yake kumi mizuri ilitumika Ulaya. Hoja ya dada ya fedha kufuata friji ndiyo ningependa wakubwa wetu waipeleke mezani wanapojadiliana biashara na Umoja wa Ulaya. Sisi wenyewe tukishamwajibisha mwagizaji wetu, tuna haki ya kuuliza kwa nini aliyeuza kwanza amekwepa.

Kigali_Umeme

Huku Rwanda kuna mtambo wa kuchakata vifaa vya umeme wilayani Bugesera, ulianza mwaka 2018. Serikali iliweka miundombinu, kampuni binafsi inaendesha, na vituo vya kukusanyia vipo wilayani. Friji zikifika pale zinatolewa gesi kwanza. Naona ni muhimu kusema kwamba jambo hili linafanyika ndani ya Afrika Mashariki.

FundiBaridi, Temeke

Nawashukuru wote, dada wa Nürnberg Mungu akuzidishie. Sasa nimeelewa kwa nini hakuna anayekuja kuulizia.

Naomba niongeze mawili. Hao waliozuia kontena walitaka karatasi gani hasa? Jamaa yangu alikuwa na risiti ya ununuzi, wakasema haitoshi. Na la pili, waligusia gesi: kwamba friji za gesi ya R134a, tunayoiita 134, hata zikiwa nzima haziwezi kupita tena. Hilo ni kweli? Maana hizo ndizo mafundi tunazozipenda, unachaji bila hofu. Za 600 wengi wanaziogopa tangu wasikie zinashika moto.

Mwanapwani_Nürnberg

Karatasi kwanza. Sheria ya mwaka 2012 ina kiambatisho kizima kuhusu vifaa vya mtumba vinavyotoka nje. Risiti peke yake haitoshi ni kweli. Inatakiwa mkataba au ankara iseme kwamba vifaa vinakwenda kutumika moja kwa moja na vinafanya kazi kikamilifu. Kila kifaa kiwe na rekodi yake ya kupimwa: jina la kifaa, namba yake, mwaka wa kutengenezwa kama unajulikana, nani alipima, lini, na matokeo. Rekodi hiyo inabandikwa imara, ingawa si kwa kudumu, kwenye kifaa au kwenye kifungashio chake. Mwenye mzigo anatia saini tamko kwamba hakuna taka ndani. Halafu wanatazama ufungashaji. Friji zilizorundikwa zikabonyeana milango zinahesabiwa taka hata kama zote zinawaka, kwa sababu anayesafirisha bidhaa ya kuuza huilinda. Hapo ndipo wengi wanaponasa.

Kilichobadilika karibuni ni uzito wa adhabu ya kukosea. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusimamia usafirishaji wa taka hatari, yanaziweka taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, chini ya utaratibu wa nchi kupeana taarifa na ridhaa kabla ya mzigo kusafiri. Umoja wa Ulaya ukaenda mbele zaidi kwa kuzuia kabisa zisiende katika nchi zilizo nje ya OECD, kundi ambalo wengi wake ni nchi tajiri, na Tanzania iko nje ya kundi hilo. Kwa hiyo mzigo ukishaitwa taka, hakuna kibali cha kuuokoa.

Gesi nayo ni kweli. Friji yenye R12 haikuruhusiwa kuuzwa nje tangu zamani. R134a ilizuiwa kwenye friji mpya za nyumbani Ulaya tarehe 1 Januari 2015, kwa sababu kilo yake moja ni sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Sheria mpya ya mwaka 2024 ikaongeza kwamba vifaa vya ubaridi vyenye gesi ya namna hiyo, ambavyo huku haviruhusiwi tena sokoni, visipelekwe nje pia, kuanzia Machi 2025. Mimi nilifurahi niliposoma kifungu hicho. Ni mara chache sana sheria ya huku inasema kwa maneno ya wazi kwamba kisichofaa Ulaya kisipelekwe kwa wengine.

Maana yake kwako ni kwamba mtumba halali kutoka Ulaya sasa ni wa R600a, hiyo mnayoiita 600. Usiiogope, iheshimu. Gesi hii si ngeni. Kiwanda cha Foron huko Saksonia kilianza kuuza friji za aina hii mwaka 1993 kwa kushirikiana na Greenpeace, wakati makampuni makubwa yakisema haiwezekani, na leo ndiyo iliyomo kwenye friji za nyumbani Ulaya nzima. Friji ya nyumbani hairuhusiwi kubeba zaidi ya gramu 150, na nyingi zina chini ya nusu ya hapo. Hatari iko kwenye mkono wa fundi: kuwasha tochi ya gesi kuunga bomba ambalo bado lina mabaki. Huku mafundi wanaunga kwa viunganishi vya kubana bila moto, na wanapima gesi kwa mizani ndogo, maana gramu tano zikizidi friji haifanyi kazi vizuri.

Jambo moja zaidi ambalo watengenezaji wamelazimishwa, na wewe unaweza kulitumia. Kwa friji zilizoingia sokoni Ulaya tangu Machi 2021, kampuni lazima ziwe na vipuri kwa muda: thamostati, vihisi joto, bodi za umeme na taa kwa miaka saba baada ya friji ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, na raba za mlango miaka kumi. Wajibu huo ni kwa soko la Ulaya, hawalazimiki kukutumia Temeke. Lakini muuzaji mwenye karakana kule anaweza kuagiza. Jamaa yako akinunua, aombe raba na thamostati za modeli zile zije ndani ya kontena lilelile.

Na kwa nyumbani: Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mkusanyaji na mchakataji wanahitaji kibali. Nendeni NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mafundi wa Temeke kwa pamoja, si mmojammoja, muulize wenye vibali vya kupokea friji zilizokufa ni nani, na mseme waziwazi kwamba nyinyi ndio wenye friji hizo. Anayetaka kuanzisha mtambo hapa nchini anahitaji kujua friji ziko wapi, na hakuna anayejua kuliko nyinyi.

FundiBaridi, Temeke

Nimekupata dada. Nimeshaongea na wenzangu wa mtaa wa pili, tunaanza daftari: kila friji inayokufa tuandike chapa, mwaka na gesi, tukienda NEMC tuwe na cha kuonyesha. Povu tumekubaliana hatupasui tena, maganda yatakaa nyuma ya kijiwe kwanza.

Swali la mwisho. Kuna mmoja wetu ana mashine ya kufyonzea 134 na silinda yake. Tunaweza kuitumia hiyohiyo kufyonza 600?

Mwanapwani_Nürnberg

Hapana kabisa, kaka. Mota na swichi za mashine hiyo zinatoa cheche, na gesi ya 600 ikikutana na hewa na cheche ndipo moto unapotokea. Ifyonzeeni 134 tu, na silinda muiandike jina la gesi. Kwa 600, kiasi ni kidogo na madhara yake kwa tabianchi ni madogo sana, kilo moja ni sawa na takriban kilo 3 za hewa ya ukaa. Hata huku fundi wa majumbani anaitoa kwa mpira mrefu hadi nje penye upepo, mbali na jiko, sigara na mtaro, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Kisha anapitisha nitrojeni kwenye mabomba kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Msiitoe ndani ya kijiwe hata kama mlango uko wazi.

Mkishakusanya orodha ya mwezi wa kwanza, iweke hapa. Nitaipanga kwa makundi yaleyale tunayotumia kwenye taarifa zetu, ili mtakapokaa na NEMC iwe inasomeka kama taarifa ya kampuni.